Kaa Upande Wangu wa Kulia

Sikio langu la kushoto halisikii kitu. Lilizimika nikiwa darasa la tatu, Tanga, nilipougua matubwitubwi. Mashavu yalivimba, homa ikapanda, baada ya wiki mbili nikapona. Mashavu yakarudi kama zamani, sikio halikurudi. Mama aligundua kabla yangu. Akiniita nikiwa nimelalia sikio la kulia, siamki. Kwanza alidhani ni uvivu. Siku moja akagonga sufuria kwa mwiko karibu kabisa na kichwa changu, na alipoona sijatikisika akakaa ukingoni mwa kitanda akalia. Tangu siku hiyo, nyumbani kila mtu alijua akae upande gani akitaka kuongea nami. Nje ya nyumba hakuna aliyejua, kwa sababu sikumwambia mtu.

Naanza na sikio kwa sababu makala hii inahusu bendi ya Beach Boys ya Marekani, na bila sikio hili nisingekuwa na la maana la kusema juu yao. Wengi wetu tunawajua kwa zile nyimbo za ufukweni, magari na wasichana wa California, muziki wa vijana wasio na shida duniani. Mimi pia niliwajua hivyo hivyo, kama nyimbo za tangazo la soda. Mpaka mtu mmoja aliponikabidhi flashi.

Mwaka 2012, nikiwa nimetoka chuo, nilipata kazi redioni. Ndiyo, mtu mwenye sikio moja akaenda kuomba kazi redioni, mahali ambapo sikio ndilo mtaji. Lakini redio ilinifaa kuliko nilivyotegemea. Ukivaa hedifoni sauti zote zinakuja pamoja, hakuna mbele wala nyuma, kushoto wala kulia. Ndani ya hedifoni nilikuwa mzima. Nilikuwa mtangazaji msaidizi wa kipindi cha asubuhi, mubashara, saa moja hadi saa nne, na kwa zaidi ya mwaka mzima hakuna aliyenishtukia.

Kisha ikaja ile asubuhi. Tulikuwa na wageni wawili na hedifoni zilikuwa chache, nikampa mmoja wao ya kwangu ili asikie simu za wasikilizaji. Nilijiambia nitamudu, studio yenyewe ndogo. Mgeni wa pili alikuwa mzee mmoja mwalimu mstaafu, na alikuwa amekaa kushoto kwangu. Nikamuuliza habari za familia, swali la kufungulia mazungumzo tu. Akajibu kwa sauti ya chini. Sikudaka neno hata moja, nikaona tu midomo inacheza. Nikafanya nilichozoea kufanya maisha yangu yote: nikatabasamu, nikatikisa kichwa, nikasema, "Hongera sana, mzee wangu."

Alikuwa amesema kwamba mkewe amefariki wiki tatu zilizopita.

Sijui kimya kile kilidumu sekunde ngapi. Mwenzangu alinitazama kama aliyeona jini. Mzee hakukasirika, aliinamisha macho tu, na hilo ndilo lililonimaliza. Nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Kifua kikabana, mikono ikaanza kutetemeka, hatimaye fundi mitambo akaweka wimbo. Nilitoka studio ile na sikurudi tena hewani mubashara. Nikaomba kuhamia vipindi maalumu, vile vya kurekodi, ambapo mtu anakaa peke yake na kompyuta, anakata hapa, anaunganisha pale, anasikiliza mara 40 mpaka kosa liondoke. Watu wakanisifu kuwa nahariri kwa umakini. Kumbe nilikuwa nimejificha.

Fundi mitambo yule, kaka mmoja mtu mzima asiye na maneno mengi, alinijia siku moja wakati wa chakula cha mchana. "Mdogo wangu," akasema, "wewe husikii upande mmoja, au?" Sikukubali wala sikukataa. Akaniwekea flashi mezani. "Sikiliza hii. Aliyeitengeneza naye ana sikio moja."

Ndani yake mlikuwa na albamu ya Pet Sounds, iliyotoka tarehe 16 Mei 1966.

Brian Wilson, mtunzi na kiongozi wa Beach Boys, alikuwa karibu kiziwi wa sikio la kulia tangu utotoni. Yeye kulia, mimi kushoto. Tungekaa kwenye benchi moja, mmoja angelazimika kusikia kwa wote wawili. Albamu ile aliichanganya kwa mono, yaani sauti zote zimepangwa katika mfereji mmoja. Sababu mojawapo ni sikio lake. Nyingine ni kwamba redio nyingi za magari za wakati ule zilikuwa za mono, naye alitaka kila mtu asikie alichosikia yeye, kwa kipimo chake. Mchanganyiko wa stereo wa albamu nzima ulikuja kutoka mwaka 1997, miaka zaidi ya 30 baadaye.

Kwa mwenye masikio mawili hiyo ni habari ya kiufundi tu. Kwangu ilikuwa kama mtu kunifungulia mlango. Stereo, kwa mtu kama mimi, ni dhuluma. Nikiweka visikilizio vya simu, nusu ya wimbo inaingia ukutani. Kuna magitaa yanayopigwa sikioni mwa watu wote isipokuwa mimi. Lakini albamu hii niliipata yote. Kwa mara ya kwanza nikawa na uhakika kwamba ninachokisikia ndicho wanachokisikia wenzangu.

Na kuna mengi ya kusikia humo. Mwezi Desemba 1964, Wilson akiwa na miaka 22, alishikwa na hofu kuu ndani ya ndege iliyokuwa ikienda Houston. Baada ya hapo akajiondoa kwenye ziara. Bendi iliendelea kuzunguka, nafasi yake jukwaani akiishika kwanza Glen Campbell, baadaye Bruce Johnston, yeye akabaki studio. Mwanzoni mwa 1966 wenzake wakiwa Japani, yeye alikuwa Hollywood na wapigaji wa kukodiwa, wakiwemo Hal Blaine kwenye dramu na Carol Kaye kwenye gitaa la besi. Aliwapanga pamoja katika chumba kimoja: fidla, kodiani, vinanda vya aina mbalimbali, kinanda cha mdomo cha sauti nzito, njuga, kengele za baiskeli. Alipenda kuzipa ala mbili sauti ileile zipige kwa pamoja, mpaka hujui tena ipi ni ipi, ikatoka rangi ya tatu isiyo na jina. Mwanzoni mwa "Caroline, No" kile kinachogongwa ni chupa tupu kubwa ya maji. Na mwishoni mwa "God Only Knows", pale sauti zinapofukuzana kwa duara, waimbaji ni wawili tu, Wilson na Johnston. Wilson aliimba sehemu mbili, ya juu na ya chini, akijirekodi juu ya sauti yake mwenyewe.

Hebu fikiria hapo. Utauimbaje wimbo huo jukwaani, wakati katika rekodi unaimba na wewe mwenyewe?

Hili ndilo swali lililowakabili wanamuziki wengi wa kipindi kile. Beatles walilijibu kwa kuacha kabisa. Tamasha lao la mwisho la kulipia lilikuwa San Francisco, tarehe 29 Agosti 1966, na katika ziara ile hawakupiga hata wimbo mmoja wa albamu yao ya Revolver, iliyokuwa na majuma machache tu sokoni. Beach Boys hawakuacha. Oktoba 1966, "Good Vibrations" ikiwa imetoka tu, wimbo uliorekodiwa vipande vipande kwa miezi kadhaa katika studio nne, Wilson alisafiri hadi Ann Arbor, Michigan, kuwafanyisha wenzake mazoezi wapate kuupiga mbele ya watu. Ule mlio wa umeme unaopanda na kushuka kama mluzi wa jini, uliopigwa studio na Paul Tanner, jukwaani ulihitaji kifaa kingine, utepe unaotelezeshewa kidole, na aliyepewa kuutelezesha ni Mike Love, mwimbaji. Ukisikiliza rekodi za jukwaani za miaka ile unasikia vijana wanahangaika. Wimbo umekonda, umebaki mifupa. Lakini unasimama.

Nililelewa katika nyumba ya taarabu. Mjomba wangu alikuwa mpiga fidla, na kwake swali hili lisingekuwa na maana. Kwake santuri ilikuwa kama picha ya mtu, wimbo wenyewe ulikuwa arusini, pale wanawake wanapoinuka kwenda kutunza na mwimbaji akalazimika kuurudia ubeti kwa sababu foleni bado ndefu. Wimbo wa dakika sita unakwenda ishirini. Wilson alikuwa na imani ya kinyume. Kwake wimbo wenyewe ulikuwa ile tepu, jukwaani ni kivuli. Nami, kwa woga wangu, nilikuwa upande wa Wilson. Nilimpenda kama mtu anavyompenda mwenye kosa linalofanana na lake.

Mwaka 2016 nilikuwa Uingereza kwa masomo. Mwezi Mei Wilson akapita London na bendi yake kuadhimisha miaka 50 ya Pet Sounds, katika ukumbi wa Palladium. Tiketi ilinigharimu chakula cha karibu mwezi mzima na wala sijuti. Nilichagua kiti cha upande wa kushoto, ili jukwaa lote liwe kuliani kwangu. Watu wa sikio moja tuna ramani zetu.

Wilson alikuwa na miaka 73. Alitoka akitembea polepole, akakaa mbele ya kinanda katikati ya jukwaa, na kwa muda mrefu mikono yake haikugusa chochote. Mbele yake kulikuwa na kioo cha kumwonyesha maneno ya nyimbo alizotunga mwenyewe. Kumzunguka, wanamuziki zaidi ya kumi. Al Jardine wa bendi ya asili alikuwepo. Alikuwepo pia Blondie Chaplin, Mwafrika mwenzetu mzaliwa wa Durban, aliyejiunga na Beach Boys mwaka 1972.

Nitasema ukweli. Mwanzo ulinivunja moyo. Pale ambapo masikio yangu, samahani, sikio langu, lilitegemea fidla, zilikuja sauti za kinanda cha umeme. Wilson alichelewa kuingia katika mistari kadhaa. Sauti ilikuwa nzito na ya kukwaruza, nyingine hazikufika pale zilipoelekea. Kilichopigwa vizuri zaidi mwanzoni kilikuwa "Let's Go Away for Awhile", ambayo haina maneno. Nikawaza: ndiyo maana mtu hubaki studio. Ona aibu hii.

Kisha nikaanza kutazama badala ya kusikiliza tu. Kila mstari uliopanda juu kuliko uwezo wa Wilson ulikuwa na mwenyewe: Matt Jardine, mtoto wa Al. Wilson anaanza, mstari unapanda, Matt anaupokea. Si kwa kuficha. Ilikuwa wazi, mbele ya watu wote, kama wabeba jeneza wanavyopokezana bega bila kusimama. Probyn Gregory anaweka gitaa chini, anachukua tarumbeta la duara, anapiga ule utangulizi wa "God Only Knows", analiweka, anarudi kwenye gitaa. Kazi iliyofanywa na mtu mmoja akijirekodi juu yake mwenyewe, sasa ilikuwa imegawanywa kwa watu kumi wanaotazamana machoni.

Ikafika "Caroline, No". Katika rekodi ya 1966, tepu ya wimbo huu iliongezwa mwendo kidogo ili sauti ipande, Wilson asikike kijana zaidi ya alivyokuwa. Alikuwa na miaka 23 na bado walimpunguzia. Usiku ule hapakuwa na tepu ya kuongeza mwendo. Aliimba akiwa na miaka yake yote 73, wimbo unaoomboleza kwamba vitu vizuri hubadilika. Mistari miwili mitatu ilimshinda. Ukumbi ulinyamaza kiasi kwamba nilisikia kiti kikilalamika safu ya mbele. Nimeisikiliza rekodi ile mara mamia na haijawahi kunifanyia kilichonifanyia kile kigugumizi cha mzee.

Katikati ya makofi, bwana aliyekaa kushoto kwangu, mtu mzima mwenye machozi, aliniinamia akaniambia kitu. Kirefu kidogo, si neno moja. Nikatabasamu, nikatikisa kichwa. Akanishika bega, akageukia jukwaa. Mpaka leo sijui aliniambia nini. Ningeweza kusema "samahani, rudia upande huu". Maneno manne. Sikuyasema.

Usiku ule, hosteli, nikasoma habari za Smile mpaka alfajiri. Smile ilikuwa albamu iliyotakiwa kuifuata Pet Sounds. Wilson na mwandishi wa mashairi yake, Van Dyke Parks, waliijenga kwa vipande vingi kama vigae, ikafika hatua vigae vikawa vingi kuliko mtu anavyoweza kuvipanga. Kuna siku ya Novemba 1966 wapigaji walivalishwa kofia za zimamoto studio ili warekodi kipande kinachohusu moto, baadaye Wilson akaogopa kwamba muziki ule unawasha moto kweli mjini. Mei 1967 mradi ukatelekezwa. Kwa miaka 37 Smile ilibaki jambo ambalo hakutaka hata litajwe.

Iliokolewa na jukwaa. Hili ndilo linaloniacha hoi kila nikilikumbuka. Darian Sahanaja, mpiga kinanda wa bendi yake, alipakia vile vipande vya zamani kwenye kompyuta, akakaa na Wilson, wakaanza kuvipanga kwa ajili ya tamasha, si kwa ajili ya albamu. Walipokutana na neno lisilosomeka katika karatasi ya zamani, Wilson akampigia simu Parks kumuuliza ni neno gani, na baada ya simu hiyo Parks mwenyewe akaja wakamalizia pamoja. Tarehe 20 Februari 2004, katika ukumbi wa Royal Festival Hall, London, ikapigwa yote kwa mara ya kwanza duniani. Albamu ikarekodiwa baada ya hapo. Kazi iliyomshinda peke yake chumbani iliwezekana siku alipokubali kuifanya mbele ya watu, akiwa amezungukwa na watu, akiuliza asichokisoma. Na filamu iliyotengenezwa kuhusu siku zile inamwonyesha akiwa na hofu iliyo wazi usoni. Hofu haikuondoka. Alikwenda nayo.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nilikuwa nikidhani methali hii inahusu watu wengine.

Niliporudi nyumbani nilipanga kumtafuta yule mwalimu mstaafu. Nilikuwa na namba yake. Nilitaka kumwambia: mzee wangu, sikukusikia, nina sikio moja, nilipaswa kukuambia uhamie upande wa pili kabla hatujaanza. Niliandika ujumbe nikaufuta, nikausahihisha, nikauhariri kama navyohariri kila kitu. Mwaka 2019 nikasikia naye ametangulia. Rekodi yangu ikabaki nzuri, haina kosa hata moja, na haina wa kuisikiliza.

Brian Wilson alifariki tarehe 11 Juni 2025, siku tisa kabla ya kutimiza miaka 83. Wiki ileile rafiki yangu mmoja alikuwa ananibembeleza niongoze mazungumzo na mwandishi wa riwaya, jioni, mbele ya hadhira, bila kurekodi, bila kuhariri. Nilishamkatalia mara mbili. Nilikuwa na visingizio vizuri: kazi nyingi, mafua, foleni ya Dar. Usiku wa habari za kifo nikasikiliza Pet Sounds mwanzo mpaka mwisho, nikamtumia ujumbe: nakuja.

Siku yenyewe tulikuta viti viwili vimeshapangwa, cha mgeni kikiwa kushoto kwangu. Watu kama 60 wameshakaa. Mwandishi, mama mmoja mtu mzima niliyemsoma tangu sekondari, akaenda kukaa. Kifua kikaanza kubana, ile habari ya zamani. Nikashika kipaza sauti, nacho tayari kiko wazi, nikasema, "Shikamoo mama, samahani, naomba ukae upande wangu wa kulia. Sikio langu la kushoto halisikii."

"Marahaba mwanangu," akasema. Akainuka, akakibeba kiti chake mwenyewe kabla sijawahi kumsaidia, akazunguka nyuma yangu, akakaa. "Hapa?"

"Hapo hapo."

Mazungumzo hayakuwa mazuri kama ningeyahariri. Nilirukia swali moja kabla hajamaliza jibu. Kijana mmoja wa nyuma aliuliza kitu nikamwomba arudie, akarudia, nikamwomba tena, watu wakacheka, nami nikacheka. Mwishoni mama aliniinamia, upande wa kulia, akaniambia jambo fupi ambalo halikuhusu hadhira. Nililisikia lote.